Wa Nyuma Huondoa Tawi

Kwetu huku juu ya Londiani mtu mzima hapandi mlima bure. Ukimwona ameshika fimbo asubuhi anaelekea msituni, basi amepoteza ng'ombe, au anatafuta dawa, au kichwa hakiko sawa. Sisi watatu tulipoanza kupanda kila Jumamosi, bila panga, bila kamba, na mbwa mmoja akirukaruka mbele yetu, mama anayepima maziwa pale kituoni alituuliza tunakwenda wapi. Ungemjibu nini? Ati tunatembea tu? Mwalimu, mmoja wetu, akasema haraka, "Tumepoteza ng'ombe." Tuliporudi mchana, matope mpaka magotini, akauliza, "Mmempata?" Tukasema bado. Jumamosi iliyofuata akauliza tena, tukasema bado. Alipokuja kugundua kwamba ng'ombe mwenyewe hayupo, alicheka mpaka akamwaga maziwa ya watu. Ikawa ndiyo salamu yetu. Miaka mitatu tulimtafuta ng'ombe asiyekuwapo.

Wenzangu wawili sasa wamekufa. Nimebaki mimi na mbwa, na hata huyo mbwa nitaeleza.

Wiki mbili zilizopita simu yangu ililia, namba nisiyoijua. Alikuwa mjane wa mwenzetu mmoja, yule mchumaji wa chai, akipiga kutoka Chepilat. Tulisalimiana, tukapeana pole, kisha akasema, "Shemeji, mzee aliniachia neno kabla hajaondoka. Alisema nikishamaliza matanga nipeleke mtamba kwa mke wa mwalimu. Nimempata, mzuri, atazaa mara ya kwanza mwaka huu. Nitakuja naye Jumamosi ya wiki ijayo. Na alisema wewe utupeleke mimi na huyo mama mpaka ile njia panda ya mlimani, kwa sababu ndiwe shahidi uliyebaki."

Nikasema sawa. Mdomo huu wangu! Umesema sawa mahali ulipopaswa kusema hapana, na umesema hapana mahali ulipopaswa kupiga magoti. Kosa alilotaka kulilipia yule marehemu halikuwa lake. Lilikuwa langu, na hapakuwa na mtu chini ya jua aliyejua hivyo isipokuwa mimi. Mama wa watu auze vyake, anunue mtamba, ampakie kwenye pikapu kutoka Chepilat mpaka huku, alipe deni la mtu mwingine, na mtu huyo amesimama pembeni anaitwa shahidi.

Ijumaa, siku moja kabla hajaja, nilipanda peke yangu na mbwa. Nilijiambia nakwenda kuangalia kama njia imefungwa na miti iliyoangushwa na mvua. Uongo mwingine huo. Nilikwenda kujaribu kusema lile neno kwa sauti, mahali pasipo na mtu, nione kama litatoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi. Mama wa maziwa aliniona nikipita, akaniinulia mkono tu. Tangu mwalimu afe hajawahi kuniuliza kuhusu ng'ombe. Kwenye ukingo wa msitu nilikutana na jirani anayelima viazi katikati ya miche ya saiprasi, akanionyesha udongo karibu na mfereji. Nyayo za chui, mbichi. Alisema juzi chui huyo alichukua mbwa wa watu wawili upande ule wa pili, mmoja akiwa amefungwa kwa mnyororo. "Rudi na huyo wako, mzee," akaniambia. "Chui akishaonja mbwa haachi."

Nilimtazama mbwa. Naye alikuwa amesimama juu ya zile nyayo, manyoya yamemsimama mgongoni, lakini hakunusa. Alikuwa akinitazama mimi. Tukaendelea.

Niwaeleze tulivyokuwa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Mwalimu alikuwa amestaafu, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemlaza hospitali ya Kaplong majuma mawili. Alipotoka aliambiwa atembee, na kwa sababu hakuwahi kutembea peke yake hata kwenda chooni, akatuita sisi. Mchumaji alikuja ujana wake kutoka upande wa Nyamira, akachuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho miaka thelathini, kisha akanunua kiploti karibu na kwangu. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Majani ya mchumaji niliyapima kwa mikono yangu miaka mingi kabla hatujawa marafiki, na watu walinijua kwa jambo moja: karani akisema ni kilo, ni kilo. Hata leo nikisema jambo kwenye baraza hakuna anayeniuliza mara mbili.

Vidole vya mchumaji havikujua kustaafu. Tukitembea vilikuwa vikichuma: jani hapa, kijiti pale, majani mawili na kichipukizi kwenye kila kichaka, akivitupa nyuma ya bega kana kwamba kikapu bado kiko mgongoni. Mwenyewe hana habari. Mwalimu alikuwa akimtania, "Wewe, msitu wa serikali huu, utaumaliza." Naye hutazama mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mtoto wa jirani anakula jikoni kwake.

Na tulikuwa na kanuni ya tawi. Si sisi tulioibuni, ni ya watafuta ng'ombe wa kweli. Watu wakifuatana msituni na njia ikagawanyika, wa mbele hukata tawi bichi akalilaza kukingama ile njia isiyofuatwa. Maana yake hapa pamefungwa, usipite. Wa kati huliona tu, haligusi. Wa nyuma kabisa ndiye huliondoa, ili watu wengine watakaokuja baadaye wasipotoshwe nalo. Mimi nilikuwa wa mbele siku zote, maana miguu yangu ni mirefu na subira yangu ni fupi. Mchumaji alikuwa wa kati, amebeba chupa ya chai ya mwalimu na mfuko wa peremende za kula sukari yake ikishuka, kwa sababu mwalimu alilalamika mgongo. Mwalimu alikuwa wa nyuma. Mbwa alikuwa wake, na kazi yake ilikuwa kukimbia kutoka kwa mwalimu mpaka kwangu na kurudi, mchana kutwa, kama mtu anayepeleka habari.

Ijumaa ile mbwa hakukimbia. Alitembea nyuma yangu, hatua kwa hatua, na kila nilipogeuka nilikuta macho yake. Ni mzee sasa. Sikio la kushoto limepasuka katikati, na nitasema limepasuliwa na nini.

Kule juu, kupita saiprasi, mahali mianzi inapoanza, kuna gogo la mwerezi lililoanguka zamani. Hapo ndipo tulipokuwa tukipumzika. Nilikaa. Siku za kawaida mbega hupiga kelele pale mpaka huwezi kusikia mtu. Siku hiyo, kimya. Maji tu yakidondoka kwenye mianzi. Nilifungua mdomo nikamwambia mbwa, "Mama, mume wako hakuwa na kosa." Nikasikia sauti yangu ilivyo nyembamba. Nikajaribu tena, nikafika kwenye neno "mimi," nikaishia hapo. Haki ya Mungu, mzee mzima, ninashindwa kuungama mbele ya mbwa.

Ni kwenye gogo hilohilo ndipo ugomvi ulipoanza. Miaka sita sasa. Mke wangu alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na tangu afe sikuwa nimeonja mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, nyumbani kwangu. Basi wiki ile nikakitoa kibuyu chake darini. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet, nikakisugua kibuyu ndani kwa makaa yake kama nilivyomwona akifanya, nikamimina maziwa, nikaziba, nikangoja. Sikuwahi kuifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Nililia juu ya kibuyu kile, nasema wazi, nililia kama mtoto. Jumamosi nikakibeba mpaka mlimani niwape rafiki zangu.

Mwalimu akapokea wa kwanza. Akapiga funda moja, akatema. Akacheka. "Karani, loo! Haya ni maziwa ya mtu asiye na mke."

Alitania. Tulitaniana hata matangani, na yeye ndiye aliyenishika mkono siku tuliyomzika mke wangu. Lakini kuna utani unaokukuta kidonda kiko wazi. Mchumaji akakipokea kibuyu, akanywa, akasema ni matamu, akanywa tena ili nimwone. Sikumtazama. Nilikiziba, nikasimama, nikaondoka bila neno. Nyuma yangu nikamsikia mwalimu akisema, "Ala! Amekasirika kweli?"

Hasira hasara, tunawaambia watoto. Ukungu ulikuwa umeingia na mimi nilikuwa nakwenda mbio. Nilifika njia panda. Ya kulia inafuata mgongo wa mlima mpaka kwenye geti la walinzi wa msitu. Ya kushoto ni pana zaidi, nzuri machoni, lakini inashuka kwenye timbo la zamani lililokuwa likichimbwa mawe, na mwisho wake ni genge, ardhi imekatika. Nilinyoosha mkono nikashika tawi. Nalikumbuka mpaka leo, lilikuwa na maji. Nikaliinamisha livunjike. Kisha nikawaza: mwalimu amezaliwa huku, na ajitafutie njia. Na ahangaike kidogo. Nikaliachia tawi likarudi juu.

Hilo ndilo nililolifanya. Sikumsukuma mtu. Niliachia tawi.

Mchumaji alikuwa karibu nami, akiniita nipunguze mwendo, na aliona mgongo wangu ukikata kulia, akanifuata. Hakuwa na haja ya kutafuta tawi. Mwalimu alikuwa mbali nyuma, kwenye ukungu.

Halafu mbwa akaja. Alinipata nimeshamwacha mchumaji mbali nyuma kwenye mgongo wa mlima, ulimi nje, akabweka, akauma pindo la koti langu akalivuta. Akaniachia, akarudi nyuma kidogo, akabweka tena. Nilijua mbwa yule kazi yake ni kuleta habari. Nikajiambia, huyu ametumwa na bwana wake aje anibembeleze. Nikaokota jiwe. "Rudi kwa mwenyewe!" Lilimpata sikioni. Alilia mara moja tu, akageuka, akaingia kwenye ukungu, damu inamtiririka shingoni.

Tulimngoja mwalimu getini, mimi na mchumaji, mpaka mchumaji akaanza kutetemeka. Tulirudi, tukaita, tukapiga mayowe, watu wa chini wakaja na tochi. Asubuhi ndipo walipompata, ndani ya timbo, amekaa ameegemea jiwe kama mtu anayengoja mwenzake. Hakuwa amevunjika sana. Sukari ilikuwa imeshuka na baridi ikamaliza. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yake, na mfuko wa peremende ulikuwa bado uko begani mwa mchumaji.

Wazee waliuliza maswali uani kwa marehemu. Waliniuliza mimi kwanza. "Karani, uliweka tawi?" Nikasema, "Niliweka." Neno moja. Na karani akisema kilo, ni kilo.

Wakauliza, basi liko wapi? Njia panda hapakuwa na tawi. Marehemu ndiye wa nyuma, lakini angeliona asingepita kushoto. Basi nani aliliondoa? Macho yote yakamgeukia mchumaji. Akasema hakuliona. Wakamtazama mikono. Hata pale uani, mbele ya maiti, vidole vyake vilikuwa vikichuma ua wa michongoma. Mzee mmoja akasema polepole, "Mikono hiyo huokota kila kitu." Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Nikatazama viatu vyangu.

Na alikuwa mtu wa kuja. Tusidanganyane, hilo lilisaidia. Angekuwa wa kwetu wangesema ni ajali. Siku ya mazishi mimi nilipewa nafasi ya kuongea, nikaongea vizuri, watu wakalia. Yeye alipoinama achukue udongo autupe kaburini, kaka yake mwalimu alimshika kifundo cha mkono. Hakumpiga, hakumtukana. Alimshika tu mpaka udongo ukamwagika. Mchumaji akarudi nyuma, akasimama karibu na ua mpaka watu walipotawanyika.

Baada ya miezi mitatu aliuza kile kiploti, wakahamia Chepilat. Asiyekuwepo na lake halipo. Kila mwaka wakati wa Krismasi alinipigia simu. Aliuliza mbwa anaendeleaje. Kwa maana mbwa, siku ya tatu baada ya mazishi, alitoka kwa mjane wa mwalimu akaja akalala mlangoni kwangu, sikio limevimba, na kila mjane alipomrudisha alikuja tena. Mama yule alisema, "Amekuchagua, shemeji, mtunze." Mpaka leo sijui kama alikuja kunipenda au kunichunga.

Mwaka jana, mara ya mwisho, mchumaji aliniambia kwenye simu, "Karani, nimewaza sana. Naamini ni mimi. Mikono hii haijui kutulia, ililiokota nikilivuka, nami sikujua. Nisamehe. Nilikuharibia kazi yako na nikamuua mwenzetu." Nikamwambia, "Yameisha, bwana. Usijisumbue." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilizima simu nikala chakula changu chote.

Ijumaa ile nilitoka kwenye gogo nikaenda mpaka njia panda. Mbwa akafanya anachokifanya kila Jumamosi tangu mwalimu afe: alinipita, akaenda kwenye njia ya kushoto, akajilaza akiikingama, mwili mzima, kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine. Kwa kawaida hukaa hivyo mpaka nipite kulia, kisha hunifuata. Siku hiyo hakunitazama. Alikuwa akitazama chini kule timboni, ananguruma, sauti inatoka ndani sana. Kitu kizito kilisogea kwenye mianzi, polepole, hakikukimbia. Nikanusa harufu ya mnyama. Nilishika fimbo kwa mikono miwili, na ninyi mnicheke, sikuwaza chui. Niliwaza ni mwalimu anapanda.

Kikaondoka. Mbega mmoja akalia mbali. Tukashuka, na neno langu bado liko kooni.

Jumamosi pikapu ilifika kabla ya saa nne. Mtamba alikuwa mweusi mwenye baka jeupe usoni. Tukamfunga uani kwa mjane wa mwalimu. Wale wanawake wawili hawakuwa wameonana tangu mazishi. Walisalimiana kwa mikono, wakanywa chai. Kisha tukapanda, mimi mbele, mjane wa mchumaji kati, mjane wa mwalimu nyuma na kigongo chake. Sikuwapanga, walijipanga wenyewe. Mbwa alikwenda na kurudi, mbele na nyuma, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka sita.

Tulipopita gogo, mjane wa mchumaji alianza kuongea nyuma yangu, sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za shamba. "Mzee wangu mwisho alikuwa akikaa juu ya mikono yake, shemeji. Anaweka hivi, chini ya mapaja, anaikalia. Ukimletea chakula anaomba umlishe. Anasema ikiachiliwa itaokota kitu. Alikufa amekaa hivyo. Tulipata kazi kuitoa."

Sikugeuka. Mjane wa mwalimu akasema, "Pole, mama."

Njia panda, mbwa akajilaza mahali pake. Mjane wa mchumaji aliuliza ni hapa, nikasema ni hapa. Akatembea pembeni, akavunja tawi bichi, lenye majani mengi. Akaja nalo kwa mikono miwili, akalilaza kukingama njia ya kushoto, mbele ya mbwa, akalinyoosha vizuri. Kisha akamgeukia mwenzake. "Aliniambia nilirudishe," akasema. "Nimelirudisha. Mtamba ni nyongeza tu, lakini hili ndilo alilonituma."

Mjane wa mwalimu alianza kulia. Akanyoosha mkono amshike mwenzake, na nikaona kwamba yameisha, kwamba nikinyamaza dakika moja tu watakumbatiana na mimi nitakwenda nalo kaburini, na hakuna atakayejua.

"Hakuliondoa," nikasema. "Halikuwapo."

Wakanitazama.

"Sikuweka tawi. Mwalimu alinitania kwa maziwa, nikakasirika, nikaliachia makusudi. Mbwa akaja kuniita nikampiga kwa jiwe. Sikio lile ni mimi. Mume wako hakugusa kitu, mama. Hakugusa kitu chochote."

Nilidhani watapiga kelele. Laiti wangepiga. Mjane wa mchumaji alikaa chini palepale kwenye majani yenye maji, akaweka mikono yake mapajani, akaitazama. Mjane wa mwalimu ndiye aliyeuliza, na aliuliza jambo moja. "Siku ya mazishi, uliposimama ukaongea, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na yule alipokuwa anafukuzwa kwenye udongo, ulikuwa unaona?"

"Niliona."

Kisha akamwinua mwenzake kwa kumshika kwapani, polepole, akampangusa nguo. "Twende, dada. Mtamba wako utarudi naye nyumbani. Sina haki ya kumpokea." Akanigeukia, na hakuniita shemeji. "Wewe kaa nyuma. Sisi tutatangulia. Wanangu nitawaambia leo. Watakuja kwako Jumamosi, na ndugu zake baba yao. Usiende popote."

Wakaondoka. Mbwa akasimama, akajikung'uta maji, akanipita bila kuninusa, akawafuata. Nilimwita mara moja. Aligeuza lile sikio lililopasuka, kichwa hakugeuza.

Nilibaki na tawi. Tangu tuanze kupanda mlima ule sikuwahi hata siku moja kuwa wa nyuma, na kanuni ni kanuni. Nililiokota, nikashuka nalo. Ukungu ulikuwa mbele yangu na nyuma yangu, na mara mbili nilisikia kitu kikikanyaga ninapokanyaga, nikasimama, kikasimama.

Nilipofika barabarani walikuwa wameshamleta mtamba mpaka kwenye pikapu, wanampandisha, mmoja anavuta kamba, mwingine anasukuma kwa bega, na mbwa amekaa kati yao. Mama wa maziwa alikuwa akifunga kituo. Akamwona ng'ombe, akaniona mimi ninatoka msituni na matope, akasahau miaka sita yote, akapaza sauti kwa furaha, "Karani! Kumbe leo mmempata!"

Hakuna aliyecheka. Mjane wa mwalimu akafunga mlango wa pikapu.

Leo ni Ijumaa. Mbwa hajarudi, na watu wanasema yuko kwa mjane wa mwalimu. Tawi liko mlangoni, majani yameanza kujikunja. Sijaenda popote, kama nilivyoambiwa. Jumapili nilikitoa kile kibuyu, nikakisugua kwa makaa, nikamimina maziwa, nikaziba. Kesho yatakuwa tayari. Nitawamiminia kwanza wana wa mwalimu, na wakionja wakatema, sitainuka.